Pale Walipokataa Kukanyaga

Changamwe, Mombasa
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Mama mpenzi, Mama Mwadime,

Shikamoo Mama. Nimeandika jina unaloitwa na watu wote, kisha nikaweka kalamu chini kidogo, maana ni jina la kaka. Lakini sitakuita jingine. Ningekuwa karibu ningeinama nikakushika miguu. Kwa kuwa niko huku, ipokee shikamoo hii katika karatasi, kutoka mkono uliopasuka kwa simiti. Kifua chako kinasemaje na baridi ya huko juu? Umepata mtu wa kukutekea maji tangu Mkamburi aolewe? Na ule mgomba nyuma ya jiko, upepo ulikuwa umeuinamisha nilipoondoka, je, mliuegemeza au mliukata? Mimi mwili wangu ni mzima, nala na nalala. Habari za moyo ndizo nimekalia kuziandika leo.

Kwanza nina neno na anayekusomea. Mwalimu Yonathani, shikamoo na wewe. Nakuheshimu, wewe ndiye uliyenifundisha kushika kalamu hii, lakini nakujua. Barua za binamu yangu Mghanga alipokuwa vitani ulikuwa ukizisoma zikawa fupi kuliko bahasha zake, kwa sababu uliruka kila ulichoona hakimfai msikilizaji. Hii usiiruke. Humu mna mambo ya desturi ambayo shingo yako ya mtu wa kanisa itakaza kuyasoma. Kunywa maji kwanza, kisha soma yote kama yalivyo, na sauti ikikukwama pumzika. Mama atakungoja.

Mama, najua mnavyosema huko. Baba mdogo Mwachofi ameniletea maneno kwa midomo ya abiria wa treni, kwamba Mombasa imenimeza, kwamba nilitumwa udongo nikapata mchumba. Sijapata mchumba, na huyo atakayenitaka nikiwa na vumbi hili sijui atatoka wapi. Nimenyamaza kwa sababu sikuwa na la kuwaambia. Ulinituma kitu kimoja tu, na kila nilipochukua kalamu nilikuwa bado sina kitu hicho.

Nakumbuka ile simu ya maandishi ilipoletwa na askari wa chifu, ikisema kaka Mwadime amegongwa na lori kazini na wameshamzika. Hukulia. Uliuliza nani ameokota udongo. Askari hakuelewa, akamtazama Mwalimu, na Mwalimu akatazama viatu vyake. Kwetu anayefia mbali huletwa kwa udongo wa pale pumzi yake ilipokatika. Udongo wa kaburi hautoshi, maana kaburini mtu huwekwa na wengine. Unafukiwa kando ya babake, watu wanalia, wananyoa, kisha kila mtu anarudi shambani. Usipofika, marehemu bado yuko njiani na nyumba bado inamngoja. Ndiyo maana shemeji Wakesho mpaka leo amejifunga kile kitambaa cha msiba, na mbegu zake hazichanganywi na za wenzake, na mtoto wake hajapewa jina la babu.

Ulinisindikiza mpaka mlangoni ukaniambia, "Mghendi, usirudi peke yako." Hukuongeza neno. Nimeyabeba maneno hayo mpaka nikaanza kuyasikia hata kwenye mlio wa treni.

Nilipofika hapa nilipokewa na mama aliyempangisha kaka chumba, Mama Mwanasha. Ni mama wa Kiislamu, mtu mzima, mpole sana kwa maneno lakini anakutazama mpaka uvue viatu mwenyewe. Alinipeleka kaburini siku ile ile. Ni kaburi la heshima, lina msalaba wa mbao, liko katika makaburi ya Wakristo, na ningekuwa mtu wa kudanganya ningezoa mchanga pale nikapanda treni. Sikufanya hivyo. Niliuliza njia ya kwenda kazini kwao.

Mama, nilipofika pale nilikuta sakafu.

Ni ghala refu linalojengwa kwa ajili ya mitambo mizito. Ardhi nyekundu aliyoangukia kaka ilikuwa imefunikwa ukuta kwa ukuta na zege la kijivu. Nilisimama mlangoni nikiwa na ule mfuko mdogo ulionishonea, nikiwa sijui hata ni upande gani niutazame. Mlinzi akanifukuza. Kesho yake nilirudi nikaomba kazi, na kwa kuwa nafasi ya kaka ilikuwa wazi, nikapewa hiyo hiyo. Nilishika toroli aliloshika yeye. Hilo ndilo tumbo la Mombasa lililonimeza.

Nilidhani nitauliza tu mtu, nioneshwe mahali, basi. Lakini watu wa pale hawakutaka kulisema jambo lile. Ukitaja jina la Mwadime mmoja anakohoa, mwingine anakumbuka ana kazi nyuma ya ukuta. Nikaacha kuuliza, nikawa natazama. Ndipo nilipoona kwamba matoroli yakipita ndani ya ghala hayaendi sawa. Sakafu ni tupu na laini, hamna shimo wala mzigo, lakini kila mwanaume anayesukuma toroli akikaribia dirisha la pili anajipinda kidogo, anazunguka kitu kisichoonekana, kisha anarudi kwenye mstari wake. Hata wakiwa na haraka, hata wakiwa wanataniana. Siku nilipoliona hilo niliweka toroli chini. Nikajua kaka yangu yuko pale.

Nyapara wetu anaitwa Mzee Kazungu, mtu wa Kaloleni, mwembamba, mcheshi, anayeweza kumchekesha hata fundi mkuu siku ya joto. Nilimfuata wakati wa chakula nikamwambia nimeliona dirisha la pili. Akaacha kutafuna. Akanieleza yote, taratibu. Lori la kokoto lilikuwa likirudi nyuma kuingia ghalani, na kaka alikuwa ameinama akifunga kamba ya kiatu. Dereva hakumwona. Mzee Kazungu ndiye aliyempakata kichwa. Anasema kaka hakuteseka muda mrefu, na kwamba aliuliza kama toroli limepona. Hapo alicheka, Mama, kisha akafuta macho kwa kofia yake. Nami nikacheka naye, kwa kuwa wewe na mimi tunamjua, hilo ni swali lake kabisa.

Kisha akanieleza jinsi walivyomwaga sakafu. Ni lazima nikufafanulie kazi hii, la sivyo hutaelewa yaliyofuata. Zege likimwagwa huwa na hewa nyingi tumboni. Watu huvaa viatu vizito, hujipanga mstari, wakalikanyaga kwa pamoja huku wakiimba, na wengine wanalichoma kwa fito za chuma, mpaka hewa itoke na mawe yakae vizuri. Lisiposhindiliwa hukauka likiwa na matundu, na juu huwezi kujua. Ni kazi isiyotaka akili nyingi, inataka miguu. Basi walipofika kwenye dirisha la pili wimbo ulikatika wenyewe. Hakuna aliyetaka kuinua mguu.

"Mwanangu," Mzee Kazungu aliniambia, "damu ya mwenzetu ilimwagika pale. Ningewaambia vipi wamkanyage, na huku wanaimba?"

Akawaambia wazunguke. Wakalimwaga zege, wakalilaza juu kwa ubao mpaka likapendeza, wakapita kando. Fundi mkuu, Bwana Harnam, alikuwa upande wa pili na hakuona. Nilimshika Mzee Kazungu mikono yote miwili nikamshukuru. Sijawahi kumshukuru mtu kwa moyo kama siku ile. Kaka alikuwa na watu waliompenda, Mama, na nilitaka ulijue hilo kabla sijafika kwenye mengine.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kungoja, nami sikujua nangoja nini. Huwezi kuvunja sakafu ya wenyewe kwa ajili ya kiganja cha udongo. Nilikuwa nikipita pale nikijipinda kama wengine, nikimwambia kaka kimoyomoyo kwamba nipo. Mvua zikaja zikaenda. Ukaja ujumbe wa Baba mdogo kuhusu mchumba.

Kisha akaja injinia mgeni kutoka Nairobi, Mzungu mrefu mwenye kikohozi kama chako. Wenye ghala walitaka hakika kwamba sakafu itaibeba mitambo kabla haijaletwa. Akaja na mashine kubwa ya kutobolea, ina injini ya petroli na bomba la chuma lenye meno. Bomba linazunguka likilila zege polepole, na mtu mmoja hana budi kulimwagia maji wakati wote lisiungue. Likivutwa juu hutoka na kipande cha zege cha mviringo tumboni mwake, kirefu, kinene. Vibarua hawakukawia kukipa jina. Wakawa wanaitana, "Haya, twende tukang'oe muhogo." Mihogo hiyo inapelekwa mjini kisiwani, kwenye chombo kinachoibana kichwani na miguuni mpaka ipasuke, na ule uzito ilioubeba kabla ya kupasuka ndio unaomwambia injinia nguvu ya sakafu. Nililiwaza sana jambo hilo, kwamba hawaijui nguvu ya kitu mpaka wakivunje.

Mimi ndiye niliyewekwa kumwaga maji. Na sikuwekwa tu, niliomba, kwa sababu siku ya kwanza niliona bomba lilipofika chini kabisa lilitoka na tope la chini ya sakafu kwenye meno yake. Mama, niliisahau ndoo mpaka nikamwagia injinia miguuni. Niliona mlango. Nikawa naomba Mungu kila asubuhi kwamba chaki ya huyo Mzungu ifike dirisha la pili. Mwalimu, ndiyo, niliomba hilo, tena kanisani, tena kwa kupiga magoti.

Injinia alikuwa akichora duara kwa chaki pale anapotaka pachimbwe. Alichora kule, akachora huku, na mihogo ikawa inatoka mizima, imara, hata Bwana Harnam akaanza kutembea kifua mbele. Nilikata tamaa. Kisha adhuhuri moja injinia alikuwa amekaa kwenye sanduku akinywa chai, akiwatazama watu wakipitisha matoroli, na nikamwona ameacha kunywa. Ameona kama nilivyoona mimi. Akauliza kwa nini wanapinda. Bwana Harnam akatuuliza kwa Kiswahili. Kila mtu akatazama chini. Injinia akainuka na nyundo yake ndogo, akapiga sakafu huku, ikalia vizuri. Akapiga pale kwenye dirisha la pili, ikajibu kwa sauti ya mtungi. Akapiga magoti akachora duara.

Basi maombi yangu yakajibiwa, na nilimwaga maji nikiwa nimeuma midomo nisilie mbele ya watu. Bomba lilishuka upesi kuliko mahali pengine popote. Hilo lingenitosha kujua. Lilipovutwa juu, muhogo ulitoka umekatika vipande viwili. Juu ulikuwa laini, chini ulikuwa matundu matupu, mawe yamegusana tu bila kushikana, ungeweza kupitisha kidole. Injinia aliugeuza mikononi. Hapa moyo wangu unaniambia nikuandikie kweli, kwa hiyo naandika. Kwangu mimi kipande kile kilikuwa kizuri kuliko vyote. Kila tundu lilikuwa mguu wa mtu aliyekataa kumkanyaga kaka yangu.

Injinia hakuona hivyo. Aliuliza ni nani aliyeshindilia hapa. Mzee Kazungu akavua kofia akasonga mbele. Akasema ni yeye aliyewazuia, na akaeleza sababu, bila kujitetea. Bwana Harnam alitafsiri kwa sauti ndogo. Injinia akasikiliza mpaka mwisho, akakohoa, kisha akanyoosha kidole akanionesha mimi niliyeshika ndoo.

Bwana Harnam akatuambia, "Anasema mtambo utakaokaa hapa una uzito wa malori mengi. Ukizama siku moja utamlalia huyu, au mwingine kama huyu. Anauliza, huyo naye mtamzungukia?"

Mzee Kazungu alitikisa kichwa mara moja, akarudisha kofia, akaenda kuchukua mfuko wake wa chakula bila kungoja aambiwe. Jioni alikuja kuniaga chumbani. Nilitaka kumlilia, akanikataza. Alisema yule Mzungu hakusema uongo, na hilo ndilo linalomuuma, lakini ikirudi siku ile ile na wimbo ule ule bado hataweza kuwaambia watu wakanyage. Ameshakwenda kwao Kaloleni. Ghalani hakuna kicheko tangu aondoke.

Tuliamriwa kupavunja pote pale na kumwaga zege upya. Mtaimbo nilipewa mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu. Nilipiga kwa adabu, nikiomba radhi kila pigo, na chini ya nguo nilikuwa nimeufunga ule mfuko wako. Zege lilipoondoka lote nilipiga magoti nikapeleka mkono chini kuuchukua udongo wa kaka.

Mama, haukuwako. Chini ya zege palikuwa na mawe meupe ya matumbawe yaliyopondwa. Nilifukua kwa kucha, nikidhani wekundu uko chini yake, nikafukua mpaka Bwana Harnam mwenyewe akanishika bega. Akaniambia kwamba baada ya ajali, kabla ya sakafu, injinia wa wakati ule aliagiza ardhi nyekundu yote ikwanguliwe kwa kuwa ni laini mno, yakaletwa matumbawe mahali pake. Ule udongo ulipakiwa kwenye malori ukaenda kufukia mabwawa kule kwenye mikoko. Umetawanywa na umechanganywa na taka na maji ya chumvi. Hata Mzee Kazungu hakulijua hilo, maana walipokwangua alikuwa makaburini na wenzake wakimzika kaka, na waliporudi wakadhani matumbawe yametandazwa tu juu ya ule udongo.

Kwa hiyo pale walipokataa kukanyaga hapakuwa na damu tena. Walilinda mahali patupu. Nilikaa kwenye yale matumbawe nikalia kwa sauti, mbele ya wote, kwa mara ya kwanza tangu nishuke treni. Hakuna aliyenicheka. Nilikulilia wewe pia, ulivyonishonea mfuko ule kwa macho yako yale.

Zege jipya likaletwa. Nyapara mpya akapanga mstari, na nikaona wenzangu wanatazamana, miguu imekuwa mizito vile vile. Nilijua wangezunguka tena, na kwamba mtu mwingine angefukuzwa, na kwamba siku moja mtambo ungezama na mama mwingine angeletewa simu. Nikawaomba wakae kando wote. Nikasema kama kaka yangu lazima akanyagwe, basi na akanyagwe na aliyelala naye tumbo moja.

Niliingia peke yangu, Mama. Nililikanyaga lile zege kutoka ukuta mpaka dirisha, nikarudi, nikakanyaga tena, mpaka viatu vikajaa na hewa ikaacha kutoka. Niliimba. Sikuimba wimbo wao wa kazi, niliimba ule uliokuwa ukituimbia tukivuna maharagwe, kwa sababu ndio pekee uliokuja. Wenzangu walivua kofia. Usinilaani kwa hilo. Kila hatua nilimwambia jina lake na jina lako. Injinia amerudi akatoboa tena pale pale, muhogo umetoka mzima, na Bwana Harnam anasema ulipobanwa kule kisiwani ulibeba kuliko mingine yote. Nilisikia hilo nikaona uchungu tu.

Sasa nifike kwenye shida yenyewe. Udongo sina, na sitaupata kamwe. Nilicho nacho ni vile vipande viwili vya muhogo wa kwanza. Havikupelekwa kubanwa kwa kuwa vilikuwa vimekatika, vilitupwa kwenye kifusi, nikaenda kumwomba injinia. Alinitazama sana, nadhani Bwana Harnam alishamwambia mimi ni nani. Alivipangusa matope kwa leso yake mwenyewe ndipo akanipa.

Nilivileta chumbani. Mama Mwanasha aliniona nikivisafisha akauliza, "Mwanangu, mawe hayo ni ya nini?" Nikamwambia ni kaka, au ndicho kilichobaki kinachokaribia kuwa yeye. Nilidhani ataona nimerukwa na akili. Akaingia ndani akatoka na kipande cha bafta nyeupe, ile wanayowavisha maiti wao. Akanikalisha chini tukakifunga pamoja kile kipande chenye matundu.

"Kama ni yeye," alisema, "asisafiri uchi."

Kipande cha juu, kile laini, nimekipeleka makaburini kikakaa chini ya msalaba. Cha chini, chenye matundu, ndicho kilicho katika bafta, na Mghanga atakileta pamoja na barua hii, kwa kuwa sasa ni mtu wa reli na kazi inampeleka Voi wiki hii. Ni kizito kuliko kinavyoonekana, mpumzisheni akifika, maana amepanda nacho mlima. Hakina damu ya kaka ndani yake, sitakudanganya. Kina simiti na kokoto, mchanga na hewa. Lakini hewa hiyo iliwekwa na watu kwa ajili yake, na mmoja wao imemgharimu riziki yake. Sijui kama desturi yetu inaruhusu. Wazee hawakuwahi kuulizwa habari za zege. Ndiyo maana nakuuliza wewe peke yako, maana wewe ndiye uliyenituma, na Baba mdogo anisamehe.

Ukikikubali, kifukieni kando ya Baba, shemeji Wakesho afunguliwe kitambaa, mtoto apewe jina, nawe unitumie neno moja tu kwa Mghanga nami nitapanda treni. Ukikikataa sitakulaumu. Nitakaa huku, kwa kuwa uliniambia nisirudi peke yangu, na nje ya hicho sina wa kurudi naye.

Nisalimie Baba mdogo Mwachofi, umwambie mchumba akipatikana yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kumkagua. Nisalimie Mkamburi dada yetu na mumewe, na shangazi mamake Mghanga anayeuza tumbaku, na jirani yetu fundi cherehani aliyekupa uzi wa mfuko ule. Mfuko ninao bado, mtupu. Shemeji Wakesho mpe mkono wangu, umwambie mumewe aliuliza habari za toroli, atacheka. Mwalimu Yonathani, asante kwa kutoruka. Kama una neno la kusema juu ya jiwe hilo siku hiyo, liseme. Kama huna, simama tu karibu na Mama.

Na jambo moja la mwisho, Mama. Mkishakifunika, najua vijana watataka kuushindilia udongo kwa miguu kama ilivyo kawaida. Wazuieni. Acheni ukae hivyo hivyo, mvua itaulaza yenyewe.

Mimi mwanao, niliyebaki,
Filemoni Mghendi